Hesabu za Zahanati Zisomwe Kijijini

Kila mwisho wa mwezi mganga wa zahanati yenu hufunga hesabu. Hukaa na vitabu vikubwa vya MTUHA, akahesabu mstari kwa mstari, kisha akaandika jumla. Wagonjwa wangapi walikuja? Wangapi walipimwa wakaonekana wana malaria? Akina mama wangapi walijifungulia zahanati? Watoto wangapi walichanjwa? Dawa gani zilikwisha, na kwa siku ngapi?

Taarifa hiyo inakwenda wilayani. Kutoka wilayani inakwenda mkoani, na hatimaye inafika Wizara ya Afya. Siku hizi huingizwa katika kompyuta wilayani, na zipo zahanati ambazo tayari zina kompyuta zao. Vyovyote vile, taarifa inapanda.

Je, inashuka lini?

Katika madarasa ninayoyatembelea nimeuliza swali hilo mara nyingi. Watu hutazamana. Wengi hawajawahi kuiona taarifa hiyo, wala hawakujua kuwa ipo. Wanajua mganga huandika sana, lakini hawajui anaandika nini. Nami nasema jambo hili si sawa. Wagonjwa waliohesabiwa ni sisi. Watoto ni wetu. Fedha zinazoendesha zahanati zinatokana na kodi zetu, pamoja na misaada iliyoombwa kwa jina letu. Kwa hiyo nashauri kwamba hesabu za zahanati zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo, kwa sheria, hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Hesabu za afya zisomwe pia.

Labda utasema, mambo ya takwimu ni ya wataalamu. Hebu fikiri. Mkulima wa pamba anapopeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, je, hukubali upimwe nyuma ya ghala asikoona? La. Husimama karibu na mizani. Hutazama mshale. Hudai stakabadhi, na akifika nyumbani huisoma tena, au humpa mtoto wake aisome. Mizani ikipungua kilo mbili tu, utasikia kelele mpaka barabarani. Mtu huyo anajua takwimu. Anajua kujumlisha, kutoa na kulinganisha mwaka huu na mwaka jana. Kama anaweza kufanya hivyo kwa pamba, atashindwaje kwa watoto wake?

Basi tuanze na chanjo, maana hapo hesabu ni rahisi kuliko zote.

Mtoto hupewa chanjo ya Penta mara tatu: akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Asiyemaliza mara tatu hajakingwa ipasavyo na pepopunda, kifaduro na magonjwa mengine ambayo chanjo hiyo inazuia. Tufanye mfano. Tuseme katika mwaka mmoja zahanati yenu iliandika watoto 50 waliopata Penta ya kwanza, na watoto 38 waliopata Penta ya tatu. Toa 38 katika 50. Wanabaki 12. Hao 12 wako wapi?

Mganga anaweza kuona hiyo 12 katika vitabu vyake. Ofisa wa wilaya anaweza kuiona katika kompyuta yake. Lakini sababu yake hawaijui, maana haiandikwi popote. Ninyi mnaijua. Mnajua kwamba wakati wa masika familia nyingi huhamia vibanda vya mashambani, mbali na kijiji. Mnajua mto gani hujaa na kukata njia. Mnajua kwamba mama fulani alifika na mtoto akaambiwa, "Leo si siku ya chanjo, rudi Alhamisi," naye hakurudi, kwa kuwa alitembea saa tatu. Hesabu ikisomwa mkutanoni, watu wawili watatu watasimama na kueleza. Hapo ndipo siku ya kliniki inaweza kubadilishwa, au muuguzi akapanga kwenda huko mashambani mara moja kwa mwezi.

Neno moja la tahadhari. Usilinganishe Penta ya kwanza na ya tatu kwa mwezi mmoja tu. Watoto wanaopata ya kwanza mwezi huu si wale wanaopata ya tatu mwezi huu. Tena wengine wanatoka kijiji cha jirani. Chukua hesabu za miezi mingi, ndipo ulinganishe. Hii ni kama mvua: huwezi kusema mwaka ni mbaya kwa kuangalia wiki moja.

Sasa dawa. Hapa ndipo wananchi wanapoumia zaidi, na hapa ndipo hesabu ndogo inaweza kuleta shida kubwa.

Zahanati huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika. Ni utaratibu mzuri. Lakini tufanye mfano mwingine. Mwezi una siku 30. Dawa ya mseto ya malaria ilikuwapo kwa siku 10 tu, kisha ikaisha. Katika siku hizo 10, dozi 40 zilitolewa. Siku 20 zilizobaki, wagonjwa walirudi nyumbani mikono mitupu au walikwenda kununua dukani. Sasa, kijiji hiki kinahitaji dozi ngapi kwa mwezi?

Mtu asiyefikiri atasema 40, kwa sababu ndizo zilizotumika. Akiagiza 40, mwezi ujao dawa itaisha tena mapema. Na mwezi unaofuata vivyo hivyo. Mtu anayefikiri atagawanya: dozi 40 kwa siku 10 ni dozi 4 kwa siku. Siku 30 mara 4 ni dozi 120. Hizo ndizo zinazohitajika. Tofauti ya 40 na 120 ni dozi 80. Na dozi 80 ni watu 80, wengi wao watoto wadogo, ambao homa kwao haisubiri.

Ndiyo maana fomu ya kuagiza dawa ina nafasi ya kuandika siku ambazo dawa haikuwapo. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, au ikijazwa sifuri ili zahanati ionekane vizuri, kijiji kizima kinaadhibiwa bila kujua. Je, nani anajua kama siku hizo ziliandikwa kwa ukweli? Mganga anajua. Na ninyi mnajua, kwa maana ninyi ndio mliorudishwa. Lakini hamwezi kusahihisha karatasi msiyoiona.

Tena kuna jambo jingine baya zaidi. Watu wakisikia zahanati haina dawa, hawaendi. Asipokwenda, haandikwi. Asipoandikwa, taarifa ya mwezi inaonyesha wagonjwa wamepungua. Mtu aliye mbali akisoma taarifa hiyo atafurahi na kusema, "Kijiji hiki kina afya njema." Kumbe watu wamelala ndani na homa. Wagonjwa wanaweza kupungua katika kitabu bila ugonjwa kupungua nyumbani. Ukiona hesabu imeshuka ghafla, usipige makofi kwanza. Uliza imeshuka kwa nini.

Na wakati mwingine hubadilika kwa sababu namna ya kuhesabu imebadilika. Zamani, kabla ya kipimo cha haraka cha malaria kufika zahanati za vijijini, karibu kila homa iliandikwa malaria. Kipimo kilipokuja, homa nyingi zilionekana si malaria. Hesabu ya malaria ikashuka. Sehemu ya kushuka huko ilikuwa ya kweli, kwa sababu ya vyandarua na dawa bora. Sehemu nyingine ilikuwa ya kalamu tu.

Ndugu msomaji, kitabu cha zahanati kina kasoro moja kubwa. Kinamwandika aliyefika tu. Mtoto aliyefia nyumbani usiku, mvua ikinyesha, baba akitafuta baiskeli, hayumo katika kitabu hicho. Mama aliyejifungulia shambani hayumo. Hapa nataka kukueleza jambo lililofanyika katika nchi yetu, ambalo wageni wengi wamelisoma kuliko sisi wenyewe.

Mwaka 1997 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na shirika la utafiti la Kanada, ilikuwa imeanza kazi katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini, na Rufiji ya wakati ule, ambayo sehemu yake leo ni wilaya ya Kibiti. Watu waliofundishwa walipita nyumba kwa nyumba, wengine kwa baiskeli. Waliuliza: tangu tulipopita mara ya mwisho, nani amezaliwa hapa? Nani amefariki? Alianza kuumwa vipi? Waliandika yote. Kisha wakalinganisha vifo na maradhi hayo na jinsi wilaya ilivyotumia fedha zake za afya.

Walichokiona kiliwashangaza. Katika Morogoro, malaria peke yake ilikuwa ikisababisha kiasi cha 30 katika kila 100 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo na maradhi. Lakini mwaka 1996 malaria ilipewa shilingi 5 tu katika kila shilingi 100 za bajeti ya afya. Kifua kikuu, ambacho kilisababisha chini ya 4 katika kila 100, kilipewa shilingi 22. Sisemi kifua kikuu kisitibiwe. Kinaua, na lazima kitibiwe. Nasema kwamba fedha zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea, si kwa hesabu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hawakuwa na picha ya kweli mbele yao, basi.

Wilaya zikapata picha hiyo. Zikapanga upya. Waganga wakafundishwa njia bora ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa kuangalia magonjwa yake yote kwa pamoja. Vyandarua vikahimizwa. Fedha iliyoongezwa haikuwa nyingi. Ilikuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika Rufiji, mwaka 1999, watoto 100 katika kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 2000 idadi hiyo ilishuka hadi 72. Na katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Sababu zilikuwa nyingi, si karatasi peke yake. Lakini bila kuhesabu nyumba kwa nyumba, shilingi zile zingeendelea kupita njia ya zamani.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu kazi ile ya kupita nyumba kwa nyumba, kijiji kinaweza kuifanya chenyewe kwa kiasi chake. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amezaliwa na nani amezikwa. Msiba haufichiki kijijini. Kinachokosekana ni daftari na kalamu, na mtu wa kuandika. Na mtu wa kuandika sasa yupo. Ni wewe unayesoma ukurasa huu.

Chukua uzazi. Mganga anasema akina mama 20 wamejifungulia zahanati mwaka huu. Je, hiyo ni nzuri au mbaya? Huwezi kujibu mpaka ujue wamezaliwa watoto wangapi kijijini. Kama wamezaliwa 22, ni jambo la kusifu. Kama wamezaliwa 60, kuna hatari, kwa sababu akina mama 40 wamejifungua bila mkunga wa kuzuia damu ikitoka nyingi. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 63 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha wamefika 81. Nchi imepiga hatua. Lakini kijiji chenu kiko wapi, juu ya 81 au chini? Daftari la kitongoji na kitabu cha zahanati vikiwekwa pamoja juu ya meza moja, mtajua kwa dakika kumi.

Najua wapo watakaopinga, na baadhi ya hoja zao ni za haki.

Wa kwanza watasema, siri za wagonjwa zitatoka nje. Hoja hii ina uzito. Jibu ni kwamba tunasoma jumla, hatusomi majina. Kitabu chenyewe kinabaki zahanati, kabatini. Tena katika kijiji kidogo hata jumla inaweza kumtaja mtu. Ukisema mgonjwa mmoja mpya wa kifua kikuu mwezi huu, watu watamtafuta kwa macho kabla mkutano haujavunjika. Kwa hiyo hesabu za kifua kikuu, VVU na magonjwa ya zinaa zisisomwe kijijini. Zibaki kwa mganga na wilaya. Hilo mimi siwezi kulilegeza hata nikibembelezwa.

Wa pili watasema, waganga watatukanwa hadharani. Hapa naomba tuelewane. Katika zahanati nyingi muuguzi ni mmoja au wawili. Huyo huyo anazalisha usiku, huyo huyo anachanja asubuhi, huyo huyo anafunga hesabu za mwezi kwa taa ya simu. Mkimfanya hesabu kuwa fimbo ya kumchapia, atafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: ataandika hesabu nzuri. Dawa zitakuwapo siku zote, kwenye karatasi. Watoto wote watamaliza chanjo, kwenye karatasi. Hapo tutakuwa tumepoteza yote. Mwenyekiti wa mkutano azuie matusi tangu mwanzo, na swali la kwanza liwe, "Mganga, kijiji kikusaidie nini?"

Na kwa kweli mganga mwerevu ataona faida yake. Mwenyekiti wa kijiji akienda wilayani akasema, "Hatuna dawa," ataambiwa, "Tumesikia, tunalishughulikia." Akienda na karatasi inayosema dawa ya mseto ilikosekana siku 20 mwezi wa tatu, siku 18 mwezi wa nne na siku 22 mwezi wa tano, na nakala ameipata diwani wa kata, mazungumzo yanakuwa mengine. Diwani ana la kusema katika Baraza la Madiwani. Kamati ya zahanati, ambayo ina wajumbe kutoka kwetu wananchi, inakuwa na msingi wa kupanga fedha. Kumbukeni kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati. Kamati isiyojua hesabu itapangaje fedha hizo?

Wa tatu watasema, watu wa kijijini hawataelewa. Hoja hii siipi nafasi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu kama hiki, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shuleni. Hawakuambiwa kwanza wangoje mpaka wasome sana.

Kwa hiyo darasa lenu la kisomo linaweza kuanza. Karatasi kubwa moja ya manila inatosha. Chora mistari. Upande wa kushoto andika mambo machache tu, yasizidi sita: wagonjwa wote, malaria iliyopimwa, waliojifungulia zahanati, Penta ya kwanza, Penta ya tatu, siku bila dawa ya mseto. Juu andika miezi. Mkipenda, jazeni kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Ibandikwe ofisi ya kijiji, mahali isipolowa mvua. Msomaji siku ya mkutano awe mwanadarasa, asiwe mwalimu, wala mtendaji.

Lakini kwanza lazima muombe kwa adabu. Andikeni barua darasani, mpitishe kwa mtendaji wa kijiji. Barua yenyewe haina haja ya kuwa ndefu:

"Kwa Mganga Mfawidhi. Ndugu, sisi wanadarasa wa kisomo cha watu wazima tunakusalimu na kukushukuru kwa kazi yako. Tunaomba utupatie jumla za taarifa ya zahanati kwa miezi mitatu iliyopita, bila majina ya wagonjwa na bila magonjwa ya siri, ili zisomwe katika mkutano mkuu ujao. Tunaomba pia uwepo siku hiyo utueleze palipo pagumu. Sisi tutaleta daftari la waliozaliwa na waliofariki katika vitongoji, ili ulinganishe na vitabu vyako. Ni sisi wanadarasa."

Kisha kila mmoja aandike jina lake mwenyewe hapo chini, kwa mkono wake.